Foleni Ina Kalenda Yake: Lini Uende Disney Bila Kubanana

Wenye kampuni ya Disney walipopanga kufungua Walt Disney World kule Florida, waliichagua tarehe 1 Oktoba 1971 kwa makusudi, kwa kuwa Oktoba ulikuwa mwezi wa wageni wachache. Walikuwa bado wanaukumbuka Julai 1955, siku ya ufunguzi wa Disneyland ya California, ambapo tiketi bandia zilizagaa, watu wakafurika, na lami mbichi ikalainika kwa joto hadi viatu vya akina mama vikawa vinazama. Safari hii walitaka wafanyakazi wazoee kazi kabla umati haujafika. Siku ya kwanza walikuja watu wapatao 10,000 tu. Lakini Ijumaa iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, magari yalijipanga maili kwa maili kwenye barabara kuu iendayo huko.

Bustani ilikuwa ileile, na kati ya siku hizo mbili haikutimia hata miezi miwili. Kilichoijaza ni likizo.

Kwa familia inayoishi Orlando, jirani na bustani hiyo, siku iliyoharibiwa na foleni hurudiwa wiki ijayo. Kwa familia iliyotoka Nairobi, Arusha au Mombasa kumtembelea shangazi aliyehamia Marekani, hakuna wiki ijayo. Viza imehangaikiwa kwa miezi, ndugu wamechangia nauli, na mtoto wa miaka minane mwakani atakuwa na tisa. Ndiyo maana swali la lini kuna nafasi linastahili kuulizwa kabla ya swali la hoteli, na kabla ya mtu yeyote kulipia tiketi ya ndege.

Shule ndizo zinazojaza bustani

Chanzo kikubwa cha msongamano ni kengele ya shule. Kilele cha mwaka mzima ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kinafuata kipindi cha kuanzia Machi hadi Pasaka, ambapo majimbo ya Marekani hupokezana likizo fupi za masika, kila wilaya na wiki yake. Kisha kuna Juni na Julai, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, na zile wikendi ndefu zinazobebwa na Jumatatu ya mapumziko: ya Martin Luther King katikati ya Januari, ya Marais katikati ya Februari, na ile ya pili ya Oktoba.

Nafasi zilizobaki hazifichiki. Ya kwanza ni kati ya mbio za marathoni za Disney, zinazofanyika mapema Januari, na ile wikendi ya Marais, ukiiruka Jumatatu ya Martin Luther King. Ya pili huanza katikati ya Agosti, shule za Florida na za majimbo mengi ya kusini zikishafunguliwa, na kuendelea Septemba yote, ukiondoa wikendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo. Ya tatu ni zile wiki mbili zinazofuata Sikukuu ya Shukrani, ambapo mapambo ya Krismasi yameshawekwa lakini watoto wa Marekani bado wako darasani.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Shule za Kenya hupumzika Agosti, kisha hufunga kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Likizo ya Agosti inapofika katikati, watoto wa Florida wanarudi shuleni. Ile ndefu inaifunika nafasi ya Desemba yote. Tanzania ina likizo ya Juni, ambayo huangukia kwenye joto na umati wa Florida kwa pamoja, lakini shule zikifungwa mapema Desemba, familia inayoondoka mara moja inaweza kuziwahi siku chache za utulivu kabla ya kishindo cha Krismasi. Tatizo ni mazoea. Tunapanga safari ili tule Krismasi na ndugu, halafu tunawapeleka watoto Disney tarehe 27 Desemba, siku ambayo huwezi kuchagua mbaya zaidi yake. Tarehe za ziara ya ndugu na tarehe za bustani si lazima zifuatane hivyo. Nenda bustanini kwanza, sikukuu uile nyumbani kwa shangazi.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wamefungwa na kalenda ya shule za huko, lakini nao wana mwanya wao. Katika majimbo mengi ya kaskazini, shule hufunguliwa karibu na Siku ya Wafanyakazi au baada yake. Familia ya Minneapolis au Boston inaweza kwenda Florida wiki za mwisho za Agosti, wakati watoto wa Georgia na Florida wako madarasani.

Hesabu inayoeleza kila kitu

Wengi hudhani kwamba watu wakizidi kwa asilimia 10, muda wa kusubiri nao utazidi kwa asilimia 10. Hesabu inasema vingine. Tuchukue mfano wa bembea inayobeba watu 1,200 kwa saa, yaani 20 kila dakika. Kuanzia saa 4 asubuhi wanaifuata watu 1,500 kila saa. Katika kila saa, watu 300 wanabaki. Ikifika saa 7 mchana, waliobaki ni 900, na anayejiunga wakati huo atasimama dakika 45.

Sasa tuchukue siku ambayo umati umepungua kwa asilimia 10. Wanakuja 1,350 kwa saa, wanaobaki ni 150, na saa 7 mchana foleni ina watu 450. Anayefika atasubiri dakika 22 na nusu. Umati umepungua kwa sehemu moja ya kumi, kusubiri kumepungua kwa nusu. Umati ukipungua kwa asilimia 20, bembea inawamaliza watu wote kadiri wanavyofika.

Anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni anaijua hali hii bila kalamu: safari moja ikiacha watu nyuma, kila safari inayofuata inaanza na mzigo wa ile iliyotangulia. Ndiyo maana kuhama kutoka wiki ya kilele kwenda wiki ya kawaida kunaleta nafuu kubwa kuliko tofauti ya idadi ya wageni inavyoonyesha.

Mgawanyo huo, wa idadi ya watu waliosimama kwa kasi ya kupita kwao, unatokana na kanuni ambayo John Little alitoa uthibitisho wake mwaka 1961. Mzazi anaweza kuitumia papo hapo mlangoni: hesabu wanaoingizwa kwa dakika moja, kadiria walio mbele yako, gawanya. Utajua kama ubaki au uende kwingine, na mtoto utampa jibu la kweli akiuliza bado muda gani.

Saa kabla ya wiki

Hesabu hiyohiyo inatufundisha thamani ya saa ya kwanza. Milango inapofunguliwa hakuna aliyebaki kutoka saa iliyopita. Familia iliyosimama langoni kabla ya kufunguliwa inaweza kupanda bembea kadhaa zenye majina makubwa kabla wengine hawajamaliza kifungua kinywa. Wanaolala kwenye hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, kila siku, kwenye bustani zote nne za Walt Disney World. Nusu saa hiyo ina faida kubwa kuliko inavyosikika.

Saa ya mwisho nayo ina neema yake. Fataki zinaporushwa juu ya kasri la Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, maelfu husimama wakiangalia juu, na foleni kwingineko huwa fupi. Na aliyekwisha kujiunga kwenye foleni kabla ya muda wa kufunga kwa kawaida huhudumiwa. Kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni ndipo jua, umati na uchovu hukutana. Familia yenye watoto wadogo au bibi mwenye magoti mabovu irudi hotelini ikalale, ije tena jioni.

Msomaji wa Kiswahili akifika Animal Kingdom, nyingine kati ya hizo nne, iliyofunguliwa mwaka 1998, atakuta kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, chenye kuta na milango inayomkumbusha Lamu. Hapo ndipo magari ya Kilimanjaro Safaris huanzia, kupita katika eneo la hekta zipatazo 45 lenye twiga, tembo na simba. Nenda asubuhi. Foleni ni fupi, na wanyama huwa wanatembea kabla joto halijawalaza, kama ajuavyo mwongoza watalii yeyote wa Serengeti.

Kila mtu akisoma kalenda moja

Miaka ya 1990, Len Testa, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, alikwama kwenye foleni ndefu ya bembea ya Disney iitwayo The Great Movie Ride na akaligeuza tatizo hilo kuwa utafiti wake wa chuo. Kazi hiyo ilizaa Touring Plans, inayokusanya muda wa kusubiri na kuipa kila siku alama ya msongamano, kuanzia 1 hadi 10. Familia nyingi sasa hupanga safari kwa kalenda za namna hiyo.

Hapo linazuka fumbo ambalo mwanauchumi W. Brian Arthur alilieleza mwaka 1994 kwa mfano wa baa ya El Farol mjini Santa Fe. Watu 100 wanafikiria kwenda. Wakienda chini ya 60 jioni inapendeza, wakizidi ni karaha. Wote wakiamini kutakuwa na nafasi, watajaa. Wote wakiamini kutajaa, baa itabaki tupu. Hakuna ubashiri unaoweza kubaki sahihi ukishaaminiwa na kila mtu.

Tarehe 4 Julai imeonyesha hivyo. Kwa miaka mingi sikukuu hiyo ya uhuru wa Marekani ilitajwa kama siku ya kuikimbia. Kwa takwimu za Touring Plans, wastani wa kusubiri Magic Kingdom siku hiyo ulikuwa dakika 47 mwaka 2019, ukashuka hadi 27 mwaka 2023. Kwa hiyo kalenda ya miaka mitano iliyopita, na ushauri wa jirani aliyekwenda zamani, usiutegemee peke yake.

Kipimo kinachosasishwa kila wakati ni bei. Tangu Oktoba 2018, Walt Disney World huuza tiketi kwa bei inayobadilika kulingana na tarehe. Mwaka 2025, siku moja Magic Kingdom katika kilele cha Krismasi ilifika dola 199, ilhali bei ya chini kabisa ya mwaka, ile ya Animal Kingdom, ilikuwa dola 119. Kampuni inaijua hesabu ya wageni wake kuliko mtu yeyote wa nje. Fungua orodha ya bei za mwezi mzima na uzilinganishe: siku za bei ya chini ndizo wanazozitarajia kuwa na nafasi. Hata huduma ya kulipia ili kupita njia ya haraka haina kazi kubwa siku hizo, na familia ya watu watano itabaki na fedha ya maana mfukoni.

Jua bustani ni ya nani

Kanuni za Florida hazihamishiki kila mahali. Disneyland ya California hutegemea sana wenyeji, kwa hiyo wikendi hulemewa. Orlando hupokea wageni wa mbali wanaofika Jumamosi na Jumapili kisha kuingia bustanini Jumatatu. Disneyland Paris inafuata shule za Ufaransa, nchi iliyogawa likizo zake za baridi na masika katika kanda A, B na C ili watu wasisafiri wote kwa pamoja. Paris na vitongoji vyake viko kanda C, hivyo wiki za kanda hiyo ndizo za kuepuka kwanza.

Ndugu walioko Ghuba nao waangalie tarehe ya ushauri wanaopewa. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamisha wikendi Januari 2022, ikawa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku kwa watumishi wa serikali. Maelezo ya zamani kuhusu siku tulivu za bustani ya Ferrari World, Abu Dhabi, yaliyoandikwa wikendi ikiwa Ijumaa na Jumamosi, yamepitwa.

Utulivu una gharama zake, na mzazi azijue mapema. Septemba ndicho kilele cha msimu wa vimbunga Florida, msimu unaoanzia Juni hadi mwisho wa Novemba. Kimbunga Milton kilifunga bustani zote za Walt Disney World tarehe 10 Oktoba 2024. Mvua za radi za alasiri husimamisha bembea za nje. Miezi ya wageni wachache ndiyo mafundi hutumia kufanya matengenezo, na saa za kufunga hurudishwa nyuma. Kabla ya kuamua, hakikisha bembea ambayo mtoto anaiota iko kazini wiki hiyo, na acha siku moja ya akiba.

Kwa mwenye kupanga kutoka Dar au Nairobi, mpangilio ninaouamini ni huu: anza na likizo ya shule ya watoto wako, ondoa siku ambazo watoto wa Florida na majirani zake wamefunga, linganisha bei za siku zilizobaki, kisha amua kuamka mapema. Tiketi ya ndege inunuliwe baada ya hayo yote.