Paa la Mbao katika Uwanja wa Ndege

Watu wengi hudhani ya kuwa jengo kubwa la siku hizi halina budi kujengwa kwa chuma na saruji, na ya kuwa kutumia mbao nyingi ni kuharibu misitu. Jengo jipya la abiria katika uwanja wa ndege wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, lililofunguliwa mwezi wa Agosti, 2024, laonyesha ya kuwa sivyo ilivyo siku zote.

Paa la jengo hilo ni la mbao, nalo lafunika eka 9. Boriti zake kubwa si magogo mazima. Mbao nyembamba zilipangwa moja juu ya moja, zikatiwa gundi na kubanwa kwa nguvu hata zikawa kitu kimoja. Boriti nene namna hii haiteketei upesi ikipatwa na moto, kwa sababu sehemu ya nje hugeuka makaa, na makaa hayo hukinga joto lisifike ndani kwa haraka.

Kazi ya uwanja haikuweza kusimamishwa. Kwa hiyo paa liliundwa kwanza mahali pa wazi papo hapo uwanjani, likagawanywa vipande vikubwa, kisha vikasogezwa usiku na kuwekwa mahali pake, abiria wakiendelea na safari zao.

Lakini jambo kubwa zaidi ni asili ya mbao zenyewe. Zilitoka katika misitu iliyo umbali usiozidi maili 300. Kwa kawaida magogo yakifika kiwandani huchanganywa, wala haijulikani lipi limetoka wapi. Basi aliyetunza msitu wake hana faida kumshinda aliyeuharibu. Huko Portland wajenzi walifuatia asili ya mbao nyingi mpaka kwenye msitu zilikokatwa. Miongoni mwa waliouza ni jamaa wenye misitu midogo, na makabila ya wenyeji wa asili, kama Coquille na Yakama.

Mti ukuapo huvuta kaboni kutoka hewani, nayo hubaki ndani ya ubao muda wote jengo lisimamapo. Hata hivyo, faida hiyo hupotea ikiwa msitu uliokatwa hauachwi uote tena wala haupandwi mingine. Ubao mwema huanzia kwa mtunza msitu, naye astahili kujulikana na kulipwa haki yake.