Paka Mwenye Meno Mabovu: Tumtibu au Tumwache?

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia afya ya watu. Mwezi huu tunamtazama paka, kwa kuwa hapa Mjimwema ndiye mlinzi wa mahindi yetu dhidi ya panya, na kwa kuwa anayejaribu kumchokonoa kinywa anaweza kuishia kwetu hospitali, mkono umevimba.

Paka mzima ana meno 30. Yeye hasumbuliwi na matundu kama sisi. Mara nyingi ni ukoga unaoganda juu ya meno mpaka ufizi unavimba na kutoa damu. Upo pia ugonjwa unaolila jino lenyewe pale linapokutana na ufizi, na mwingine unaojaza vidonda kinywa kizima. Paka wa namna hiyo njaa anayo: hukimbilia dagaa, akitafuna mara moja hurudi nyuma. Hutafuna upande mmoja, hudondosha chakula, hutoka udenda, na kinywa hunuka.

Lakini udenda ni dalili ya kichaa cha mbwa vilevile, nacho huwapata paka. Meno huharibika polepole, kwa wiki na miezi. Kichaa huja ghafla: paka mpole anauma watu au anajificha, sauti inabadilika, taya linalegea, anayumba. Ukiwa na shaka, usimfungue kinywa. Mfungie chumbani bila kumshika, umwite afisa mifugo. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aje hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Hata paka asiye na kichaa, jino lake jembamba hupeleka vijidudu ndani sana.

Jambo jingine, akina mama na akina baba: msimpe paka Panadol. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Dawa za mtoto zilizobaki kabatini nazo ziacheni. Pengine uvimbe utapungua siku chache, lakini jino bovu litabaki palepale.

Tiba ya kweli ni kusafisha meno na kung'oa mabovu, paka akiwa amepewa dawa ya usingizi. Koleo la fundi si tiba. Muulize daktari wa mifugo: amewahi kung'oa meno ya paka? Anayo dawa ya usingizi inayomfaa? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa ya maumivu? Wengi huku kwetu wamezoea ng'ombe na nguruwe, basi usione haya kuuliza.

Wapo wanaoogopa kwamba paka asiye na meno atakufa njaa. Hapana. Hula vizuri dagaa waliopondwa na kulainishwa kwa mchuzi usio na chumvi wala vitunguu. Panya atakamata wachache, hilo ni kweli, kwa hiyo ghala lizibwe vizuri.

Na kama fedha iliyopo ni ada ya shule? Kwa maoni yangu, ada itangulie. Ila asiachwe kuteseka wala kutupwa porini. Mwombeni daktari amlaze kwa sindano, afe bila maumivu. Paka akipitisha siku mbili bila kula, uamuzi huo usingoje mwisho wa mwezi. Anayetibiwa akapona, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.