Wanaolijua Gari kwa Mlio

Katika nyanda za juu za Kigoma, gari la zamani lenye hadhi ni lile lililofika. Kwa miongo mingi njia ya kutoka Kigoma kwenda Kasulu, Kibondo na kuendelea hadi Nyakanazi ilikuwa ya udongo mwekundu. Mvua zikikolea lori lilinasa hadi ekseli. Kiangazi vumbi lilipaka migomba ya kando ya barabara. Gari lililoweza kuipita njia hiyo mwaka mzima lilijulikana kwa jina la mwenyewe, kwa dereva wake na kwa mlio wake kabla halijatokeza mlimani. Ndiyo maana ujuzi wa kuyatambua magari ya kale huku umekaa gereji, kwa mafundi na madereva wastaafu, na unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mila za watu wa hapa.

Waha, wenyeji wa nyanda hizi, walijua kukagua mali yenye heshima kabla gari halijafika Buha, nchi yao. Ng'ombe wa pembe ndefu alitazamwa rangi, pembe na ukoo, na katika ubugabire, desturi ya kumkabidhi mtu ng'ombe amtunze, kila mnyama alikuwa na historia ya mikono aliyopitia. Fundi mzee hulitazama gari vivyo hivyo. Swali lake la kwanza huwa: lilitoka kwa nani?

Chukua Land Rover 109, iliyopewa namba hiyo kwa inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mpita njia ataona Land Rover tu. Fundi ataanza na uso: taa kubwa zikiwa zimekaa ndani, kando ya wavu wa rejeta, gari hilo kwa kawaida ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwa kwenye madigadi, ni la baadaye. Wavu wa chuma ni wa matoleo ya Series II na IIA, wa plastiki ni wa Series III iliyoingia sokoni 1971. Lakini uso hubadilishwa kwa spea za gari jingine, kwa hiyo atafungua mlango na kuangalia bawaba, nene zilizochomoza au bapa. Atatazama na dashibodi: saa zikiwa katikati, hiyo ni Series II au IIA, zikiwa mbele ya dereva, ni Series III.

Kisha ataomba aliendeshe kidogo. Katika Series IIA, gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno, hivyo dereva hukanyaga klachi mara mbili anaporudisha gia. Asiyejua huyasagisha meno mpaka watu sokoni wageuke. Mwisho hutoka sumaku mfukoni. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, sumaku haishiki. Ikinasa kwenye digadi, hapo pana kiraka cha bati. Kutu hutafutwa kwingine, kwenye chesesi na kwenye ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, kwa sababu hivyo ni vya chuma.

Ujuzi wa namna hii huku haufundishwi kwa vitabu. Kijana huupata akiwa ameshika tochi chini ya gari, na huanza kwa adabu: "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Hebu sikiliza, inalia wapi?" Hiyo ndiyo shule yenyewe.

Land Cruiser ina historia yake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika Kibondo na Kasulu, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kuwapokea Wakongo. Mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser nyeupe, ngumu, zenye mkonga wa kuvutia hewa ubavuni. Anayezijua husoma kibati cha boneti kwanza: FJ ni petroli ya silinda sita, BJ ni dizeli ya silinda nne, HJ na HZJ ni dizeli ya silinda sita. Injini ya 1HZ ya lita 4.2, iliyotoka 1990, husifiwa kuliko zote. Akiinama atatofautisha HZJ75 na 78 iliyoifuata mwaka 1999, kwa kuwa ya kwanza ina springi za mabamba mbele na ya pili ina koili.

Magari madogo nayo yana wapenzi wake. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Mercedes-Benz ilikuwa imetangulia, 1959 hadi 1961. Ushindi huo ulilipa jina la Benz maana nyingine, tofauti na ile ya Wabenzi, vigogo wenye Mercedes-Benz, waliosemwa sana baada ya uhuru. Fahari ya ikulu yenyewe iko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanapohifadhiwa magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, likiwemo Rolls-Royce.

Nairobi wana Concours d'Elegance tangu 1970, ambako waamuzi hukagua hadi uvungu wa gari na kutoa alama kwa usafi na matunzo. Arusha, Oktoba 2024, ilikusanya mamia ya Land Rover kwa tamasha. Mikusanyiko hiyo inapendeza, lakini fundi wa Kasulu angetoa alama kwa jambo jingine: injini iliyozaliwa na gari. Land Rover nyingi zimewekewa injini za dizeli za Kijapani ili ziendelee kula mzigo, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Ila ile iliyobaki na injini yake ya lita 2.25 ndiyo tunu.

Adui mkubwa sasa ni mzani wa vyuma chakavu. Aluminiamu ina bei, na 109 iliyolala nyuma ya nyumba huishia kukatwa. Kabla ya kuikata, mwenye gari aandike namba ya chesesi, atunze kadi na apige picha kila upande. Kwa namba hiyo, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachoeleza gari lilitoka kiwandani lini na lilipelekwa wapi. Nazo halmashauri za Kasulu na Kibondo zitenge angalau 109 moja, iwekwe chini ya paa, na wazee walioiendesha waitwe kuisimulia wakiwa bado wapo.