Muti ulitoka Kongo, utajiri ukaota Vietnam: kawa inafundisha nini walimaji wa Kivu?

Kawa ya robusta ni mutoto wa pori la Kongo. Mwisho wa karne ya 19, miche iliyotoka upande wa Lomami ilifikishwa Ubelgiji. Kule Bruxelles, kampuni ya Linden, iliyokuwa inauzisha maua na miti ya inchi za joto, iliipa jina la robusta na kuanza kuiuzisha. Karibu na mwaka wa 1901 ikafika Java, kwani Waholanzi walikuwa wanatafuta kawa yenye nguvu: ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba yao. Kutoka Java, robusta ikaenea Asia, na Wafaransa wakaipanda Vietnam.

Leo Vietnam ni inchi ya pili duniani kwa kawa, nyuma ya Brazili, na ya kwanza kwa robusta. Katika mwaka wa 2024 peke yake, kawa iliiingizia zaidi ya dola miliardi 5. Kongo, inchi ambako muti ule ulizaliwa, iliuzisha inje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka katika mwisho wa miaka ya 1980. Kisha, hesabu za serikali zilishuka mpaka karibu tani 10,000.

Ni nini kilifanya mulimaji wa Vietnam atoke katika umasikini, na mulimaji wa Kalehe, wa Idjwi ama wa Beni abaki nao? Jibu haliko katika udongo wala katika mvua. Arabika ya milima ya Kivu, inayoota kati ya metre 1,400 na 2,000 juu ya bahari, inapendwa sana na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Jibu liko katika mambo ambayo watu waliamua.

Inchi iliyotoka vitani

Wengi wanasema: Kongo haiendelei kwa sababu ya vita. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Vietnam ilitoka katika vita vya miaka 30 mwaka wa 1975, pori zake zikiwa zimemwagiwa sumu na vijiji vyake vikiwa vimechomwa na mabomu. Ilipigana tena na Cambodia na China. Marekani iliizuia kufanya nayo biashara mpaka mwaka wa 1994. Katikati ya miaka ya 1980, bei za vitu ziliongezeka mara nyingi ndani ya mwaka mumoja, na chakula kilikosa. Wakati ule Vietnam ilikuwa inavuna kawa kidogo sana kuliko Zaire.

Desemba 1986, chama cha kikomunisti chenye kutawala kilikubali kwamba njia yake ilikuwa imeshindwa. Kikaanzisha mageuzi yenye kuitwa Doi Moi. Kabla ya hapo, mashamba yalikuwa ya ushirika wa lazima, na mavuno yaliuzishwa kwa serikali kwa bei yake. Mwaka wa 1988 jamaa za walimaji zilipewa udongo wa kutumia zenyewe. Mwaka wa 1993 sheria ikaongeza nguvu: jamaa ilipata karatasi ya haki ya kutumia udongo kwa miaka 20 kwa mazao ya muda mufupi, na miaka 50 kwa miti kama kawa. Haki ile iliweza kurizishwa kwa watoto, kuuzishwa, ama kuwekwa rehani benki.

Miaka 50 ni jambo kubwa kwa mutu wa kawa. Muti wa kawa hauzai mbele ya miaka mitatu ama minne, kisha unazaa miaka makumi. Hakuna mutu atapanda muti kama anaogopa kwamba kesho mukubwa fulani atakuja na karatasi kusema shamba ni lake.

Mulimaji aliona bei

Jambo la pili lilikuwa bei. Serikali ya Vietnam iliachilia bei mwaka wa 1989 na kushusha samani ya feza yake ili ilingane na soko. Tangu pale, mulimaji wa Dak Lak, katika milima ya kati, anapata sehemu kubwa kabisa ya bei ambayo kawa inalipwa bandarini. Wanunuzi ni wengi, barabara inafika, na hakuna bariere kila kilometre. Kama bei ya London inapanda, kijiji kinajua siku ileile.

La tatu ni mukopo. Mwaka wa 1988 benki ya kilimo ya serikali iliundwa, na ikafika mpaka vijijini. Mulimaji wa hektari moja ama mbili akaweza kununua mbolea na pompi ya maji. Umeme ukafuata. Kwa hiyo hektari moja ya Vietnam inatoa zaidi ya tani 2 za kawa, wakati ile ya Kivu mara nyingi inatoa kilo mia chache tu.

Mwaka wa 2000 Vietnam ilivuna karibu tani 800,000. Na feza zile zilienda kwanza mikononi mwa jamaa za vijijini, ambazo ndizo zilikuwa masikini zaidi. Zikajenga nyumba, zikalipa masomo, zikanunua pikipiki. Fundi, muuza duka na mwenye gari wakapata kazi. Banki ya Dunia inahesabu kwamba zaidi ya watu milioni 40 walitoka katika umasikini kule Vietnam kati ya 1993 na 2014. Kawa haikufanya kazi ile yote: kulikuwa pia mpunga, na baadaye viwanda vya nguo, viatu na simu. Lakini mwanzo ulikuwa shambani.

Kongo ilipotezea wapi?

Zaire ilifanya kinyume. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianizasio: mashamba makubwa na biashara za wageni zikapewa Wazaire waliochaguliwa na utawala. Wengi wao hawakujua kazi ya shamba wala hawakuitaka. Walivuna walichokuta, miti ikazeeka.

Mwaka uleule, sheria ya udongo ilisema kwamba udongo wote ni wa serikali. Kwa udongo wa vijiji, ambao watu wanautumia kwa desturi, sheria iliahidi amri ya rais ya kupanga haki zao. Kwa makumi ya miaka amri ile haikutoka. Ndiyo maana mpaka leo, katika Masisi, Kalehe na Rutshuru, mutu mumoja anaonyesha karatasi, mwingine anaonyesha kaburi la babu yake, na kesi haiishi.

Kisha mabaya yakafuatana. Julai 1989, mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yanalinda bei ya kawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyauka, ambao walimaji wanauita trakeomikoze, ulikausha robusta kutoka Isiro mpaka Beni. Vita vya 1996 na 1998 vikafunga barabara. Wengi wakangoa kawa na kupanda mihogo, maharagi na ndizi. Walikuwa na haki: kawa hailiwi.

Mitumbwi ya usiku

Walioendelea na kawa kando ya ziwa Kivu walikuta shida ingine. Kwa kuuzisha kawa inje kwa njia ya halali, ilifaa kulipa takisi nyingi kwa ofisi nyingi, kuliko zile za Uganda ama Rwanda. Mwenye kulipia mambo yale yote mwishoni alikuwa mulimaji, kwa kuwa munyunuzi alikata gharama yake katika bei ya kilo.

Kwa hiyo kawa ikavuka mupaka kwa kujificha. Katika Kivu ya Kaskazini ilipita upande wa Uganda. Kutoka Minova, Kalehe na Idjwi, wanaume walipakia magunia katika mitumbwi usiku na kuelekea Rwanda. Ziwa Kivu lina upepo wa gafula, na mutumbwi wenye muzigo hauna nguvu. Wengi hawakurudia. Wajane wao walibaki na watoto na miti ya kawa.

Ni katika sehemu ile ya Minova ndipo koperative SOPACDI ilianzishwa mwaka wa 2003. Kazi yake ilikuwa ya kueleweka: kujenga vituo vya kuosha kawa karibu na walimaji, kukusanya matunda mekundu tu, kuyamenya siku ileile, kuyachachisha, kuyaosha kwa maji safi na kuyakausha juu ya meza. Zamani kila jamaa ilimenya kwa jiwe ama kinu nyumbani, na kawa ikatoka na harufu mbaya. Kilo sita ama saba za matunda zinatoa kilo moja ya kawa ya kuuzisha. Kama kazi imeharibika, kazi ya jamaa nzima inaenda kwa bei ya chini.

Katika miaka iliyofuata, kawa ya SOPACDI ilifika madukani Uingereza ikiwa na alama ya biashara ya haki, na wanawake, wajane wakiwa kati yao, walianza kulipwa kwa jina lao wenyewe. Koperative zingine zilitokea: Muungano katika Kalehe, Kawa Kabuya upande wa Butembo, Kawa Kanzururu chini ya Rwenzori. Rwanda ilipita njia hiyohiyo: karibu na mwaka wa 2000 vituo vyake vya kuosha vilihesabika kwa vidole, leo vinapita 200.

Uchumi unakua, sahani haijai

Kuko watu watauliza: juu ya nini kusumbuka na kawa, wakati Kongo ina shaba, kobalti, zahabu na koltani? Swali ni zuri, na hesabu zinajibu. Mwaka wa 2022 uchumi wa Kongo ulikua karibu asilimia 9, kwa nguvu ya migodi zaidi. Ni ukuaji ambao inchi nyingi zingeutamani. Lakini Banki ya Dunia ilikadiria kwamba katika mwaka wa 2024 karibu watu 73 kwa 100 walikuwa wanaishi na chini ya dola 2.15 kwa siku.

Mugodi wa kisasa unatoa mali nyingi kwa mikono michache. Mashini zinachimba, gari zinabeba, muzigo unaenda bandari, na sehemu ya mulimaji wa Walungu haiko mule. Ingeweza kumufikia kwa njia ya kodi, kama kodi ingegeuka barabara, shule na maji. Kilimo cha watu wadogo kina njia fupi zaidi: feza inaanzia mukononi mwa masikini mwenyewe. Ndiyo tofauti kati ya uchumi unaokua na umasikini unaopungua.

Vietnam nayo ililipa

Njia ya Vietnam haikuwa safi yote. Pori za milima ya kati zilikatwa. Watu wa makabila madogo, kama Waede na Wajarai, walipoteza udongo wa wazee wao mbele ya wahamiaji waliotoka mabondeni, na hasira ile ilileta fujo mwaka wa 2001. Maji ya chini ya udongo yanapungua. Na kwa kuwa Vietnam ilipanda kawa nyingi gafula, ilisaidia kuangusha bei ya dunia karibu na 2001. Walimaji wa Afrika pia waliumia.

Kwa Kivu, inchi yenye watu wengi na udongo kidogo, jambo la makabila na udongo si la kuchezea. Kufuata Vietnam kwa upofu kungewasha moto. Funzo si kukata pori. Ni kumupa mwenye kulima tayari uhakika wa shamba lake.

Bei ilipanda, benki zikafungwa

Wakati wa kufikiri juu ya mambo haya ni sasa. Septemba 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani London, na Februari 2025 arabika ilivunja rekodi New York. Lakini Januari 2025 AFC/M23 ilichukua Minova na Goma, na Februari Bukavu. Benki za Goma na Bukavu zikafunga milango. Koperative inanunua matunda kwa feza taslimu, siku ileile ya mavuno. Bila benki, haina la kumulipa mulimaji. Asipolipwa, anarudilia mutumbwi.

Amani haitatoka kwa walimaji. Ni deni la wenye silaha na wenye kuwaongoza. Lakini kuna maamuzi ambayo hayahitaji mukutano wa Doha wala wa Washington: kupunguza takisi za kawa mpaka zilingane na zile za majirani, kuondoa bariere katika barabara za mavuno, na kuandika katika kila groupement ni nani analima wapi, mbele ya mashahidi wa pande zote. Yeyote anayeshika muji leo, na yeyote atakayeushika kesho, anaweza kufanya hayo. Mavuno makubwa ya Kivu ya Kusini yanakuja kila mwaka kati ya Machi na Juni, na matunda mekundu hayangojei: yasipomenywa siku ileile yanaoza.