Fahamu: Siku 41 shimoni Nyangalata, muujiza au baiolojia?

Kwa Mkristo, muujiza ni tendo la Mungu linalopita uwezo wa kawaida wa maumbile. Ni vigumu kulikwepa neno hilo ukikumbuka Novemba 2015, wachimbaji 5 wa dhahabu walipotolewa hai Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, siku 41 baada ya shimo kuporomoka. Mwenzao mmoja alifia humo humo.

Waliishije?

Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji machafu ya shimoni. Maji hayo ndiyo msingi wa yote, kwani bila maji mtu hufa ndani ya siku chache. Chakula kikikosekana, akiba ya sukari kwenye ini huisha kwa takriban siku moja. Ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, nao ubongo huzitumia badala ya sukari. Misuli nayo huliwa polepole.

Kutolewa shimoni si mwisho wa hatari. Aliyeshinda njaa wiki nyingi akishibishwa ghafla, fosfeti hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Huruma ya sahani iliyojaa inaweza kuua.

Je, muujiza umefutika?

Agostino, askofu wa Hippo, alifundisha kwamba muujiza haupingani na maumbile, bali na tunachokijua kuyahusu. Kanisa Katoliki ni kali zaidi: kabla ya kumtangaza mtakatifu, uponyaji unaodaiwa huchunguzwa kwanza na madaktari, na wakipata maelezo ya kitabibu hauhesabiwi. Kwa chujio hilo, naona Nyangalata isingepita. Lakini ketoni hazimzuii aliyetoka hai kumshukuru Mungu.