Kolwezi Itimize Miaka Mia na Kitabu cha Familia Zake

Mwaka 2037 Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, itatimiza miaka 100. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ili uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Nyaraka za kampuni hiyo zimetunzwa Brussels, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Ubelgiji, zikiwa zimepangwa na kuorodheshwa. Lakini habari za waliochimba, waliopika, waliozaa na waliozika ndugu zao kwenye kampi, yaani makazi ya wafanyakazi, zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Wenye masanduku hayo wamehamishwa mara nyingi.

Maisha ya kampi yaliandikwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa kuja na kuondoka. Ikataka mfanyakazi aje na mkewe na afunge mkataba wa miaka mitatu. Watu walitoka Lomami, Kasai, Angola, Rhodesia ya Kaskazini, hata Rwanda na Urundi. Kila mwanamume alipewa namba ya matrikule, na namba hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa posho, wa hospitali na wa shule ya watoto. Wapo wazee wasioweza kukutajia mwaka waliozaliwa, lakini matrikule wanaitaja bila kusita. Kuanzia mwaka 1957 kampuni ilichapa pia gazeti la wafanyakazi wake, Mwana Shaba, na kurasa zake ni hazina kwa anayetafuta habari za kampi.

Parokia nazo ziliandika. Ruwe, kampi jirani na mji, ndiko padre Mfransisko Placide Tempels alikofanya kazi na ndiko vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa lilikozaliwa katika miaka ya 1950, wake kwa waume wakiitana Baba na Mama. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya enzi hizo vina majina ya wanawake ambao kwenye karatasi za kampuni hutajwa tu kuwa mke wa fulani. Kwa maoni yangu, anayetaka kumjua bibi yake aanzie parokiani kabla ya kwenda kwenye ofisi yoyote.

Hata hivyo atakutana na kizingiti ambacho serikali zetu ndizo zilizokiweka. Tuseme babu alibatizwa Joseph kabla ya uhuru. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kila raia akalazimika kuwa na jina la Kiafrika. Karatasi za mwaka 1975 hazimjui Joseph. Mahali alipozaliwa pameandikwa Elisabethville kwenye cheti kimoja na Lubumbashi kwenye kingine, kwa kuwa mji ulibadilishwa jina mwaka 1966. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na tangu mwaka 2015 sehemu hii ni Lualaba. Mwajiri naye alikuwa Union Minière hadi kampuni ilipotaifishwa, ikawa Gécomin, kisha Gécamines. Mjukuu asiyeyajua haya atadhani karatasi anazozishika ni za wanaume watatu. Msaada wa serikali ni mdogo: sensa ya mwisho nchini ilifanyika mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha wengi.

Halafu yakaja ya kutawanya watu. Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi waliompinga Mobutu, waliuteka mji, askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli, na mamia ya watu wakauawa. Mwaka 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa hapahapa, zilifukuzwa makwao na kusongamana stesheni zikingoja treni. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Albamu ya picha hubaki ukutani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa waondoke, katika mpango ulioitwa wa hiari. Kasulo nako, mtaa wa Kolwezi, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba ndani ya vyumba vyao, na miaka mitatu baadaye familia zikahamishwa kupisha mgodi. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wakazi wa Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi, wanaoondolewa kwa sababu mgodi unapanuka. Mtaa ukishageuka shimo, hakuna atakayeweza kumwonyesha mtoto wake nyumba ya babu yake.

Kazi ya kuandika historia ya familia hizi haihitaji wasomi peke yao. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu huko Elisabethville waliandika wenyewe historia ya mji wao, kwa Kiswahili chao cha Katanga, chini ya jina la André Yav. Maandishi hayo, Vocabulaire de ville de Elisabethville, yalichapishwa tena mwaka 1990 na Johannes Fabian, na leo yanasomwa vyuoni duniani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho, kupitia mradi wa Mémoires de Lubumbashi ambao Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa nguzo zake, kimeonyesha kwamba vitu na simulizi za familia za wafanyakazi ni historia yenye uzito kamili. Kule Kanada, vijiji vya wakulima vya Saskatchewan na Alberta, majimbo yaliyoundwa mwaka 1905, viliadhimisha miaka 50 na 75 kwa kuchapa vitabu vyao. Kamati ya kijiji iliomba kila familia iandike kurasa zake yenyewe: walitoka wapi, walifika lini, nani alizaliwa, nani alikufa. Vitabu hivyo havina ufundi mkubwa wa lugha, lakini wajukuu wanavitafuta hadi leo.

Kolwezi inaweza kufanya vivyo hivyo, na miaka iliyobaki inatosha ikiwa kazi itaanza sasa. Simu inatosha kupiga picha karatasi mchana, penye mwanga. Nyuma ya kila picha ya zamani yaandikwe majina kwa penseli, kwa kuwa wino huharibu. Mzee arekodiwe akisimulia kwa lugha yake, akitaja kijiji alichotoka, matrikule, kampi, jirani wa kushoto na wa kulia, na majina yote aliyowahi kuitwa. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe kwa ndugu aliye mji mwingine, ya tatu parokiani au shuleni. Wasisahauliwe waliofukuzwa mwaka 1993: kitabu cha Kolwezi kitakachowaacha nje kitakuwa kimerudia kosa lile.

Ewe msomaji mwenye mzazi aliyefanya kazi kwenye migodi ya Kamoto, Musonoi au Ruwe, mpigie simu Jumapili hii, na uwe na kalamu mkononi.