Ekskaveta Haimwokoi Aliye Shimoni

Kila mtu anaponaswa chini ya ardhi, iwe ni kisimani Nyamira au kwenye machimbo ya mawe ya sabuni kule Tabaka, swali huwa ni lile lile: mbona wasilete ekskaveta wapanue shimo? Huulizwa redioni, matangani, na hata na waheshimiwa waliofika kupigwa picha. Lina ndugu yake, linaloulizwa wakati wa amani: mbona Ngoro ya Mwaga, lile shimo la milima ya Manga, lisipasuliwe tuone linaishia wapi? Maswali haya yamejibiwa mara nyingi mno kuendelea kuulizwa. Yote mawili huchukulia kwamba kupanua njia ya chini ya ardhi ni kazi ya nguvu tu, na kwamba anayesita anayapenda mawe kuliko watu.

Tuanze na hiyo ekskaveta, maana ndiyo imani inayoua. Udongo mwekundu wa Gusii ni wa kina kirefu, na mvua hapa hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, ukilowa ndiyo usiseme. Ukuta wa kisima husimama kwa sababu ni wa mviringo na haujaguswa. Udongo unajibana wenyewe. Sasa mlete mtambo wa tani 20 usimame ukingoni, utetemeshe ardhi, umwage kifusi pembeni, huku nusu ya kijiji imezunguka shimo ikichungulia. Mzigo wote huo unasukuma ukuta upande mmoja tu ulio wazi, yaani kumwelekea aliyemo ndani. Kwenye machimbo ya Tabaka hali haina nafuu. Jiwe la sabuni hukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa kisu, na hakuna anayejua ulaini wake kuliko wachongaji wenyewe. Ajabu ni kwamba siku ya ajali watu hao hao huamini litastahimili meno ya chuma. Wengine hutaja mtoto wa Moroko, Rayan, aliyetumbukia katika kisima cha mita 32 mnamo Februari 2022, wakisema walijionea mitambo kwenye televisheni. Walichokiona ni mitambo ikichimba bonde zima kando ya kisima kwa siku tano, ikisimama mara kwa mara kwa hofu ya maporomoko, kisha mita za mwisho zikamaliziwa kwa mkono. Mtoto alipofikiwa hakuwa hai tena. Kule Silkyara, India, Novemba 2023, wafanyakazi 41 walikwama ndani ya handaki siku 17. Mashine kubwa ya kutoboa ilivunjikia ndani ya kifusi, na waliokamilisha njia ni wachimbaji wa mikono, wale wenye uzoefu wa kutambaa katika mashimo ya makaa ya mawe.

Hapo ndipo maadili yanapoingia, na niyaweke wazi ili nisisingiziwe. Jiwe halina haki yoyote mbele ya mtu aliye hai. Kama kinachomzuia ni umbo la pango lililojengeka kwa miaka elfu kumi, livunjwe, na asilaumiwe mtu. Lakini hesabu haina mtu mmoja tu. Yumo yeye aliye chini ya kila kipande kitakachong'oka, na wamo waokoaji. Floyd Collins alinaswa mguu katika Sand Cave, Kentucky, mwishoni mwa Januari 1925. Kwa siku kadhaa watu walimfikia na kumlisha. Tarehe 4 Februari njia ikaporomoka kati yake na wao. Shimo jipya la takriban mita 17 likachimbwa kando, likamfikia tarehe 16, akiwa ameshakufa. Kwa hiyo haki ya kupanua ina masharti: upana wa mabega na si zaidi, kwa nyundo na patasi, na kwa upande ambao kifusi hakitamwangukia. Mtu atasema kwamba kungojea ni kuua. Si lazima. Kinachoua mapema ni kukosa hewa, kubanwa na baridi, na mpira wa hewa hupita penye tundu lisilopitisha hata ngumi. Huko Kahama, Tanzania, mwaka 2015, wachimbaji watano wa dhahabu walitolewa hai baada ya siku 41. Na wale vijana 12 na kocha wao wa Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, hawakutolewa kwa kupasua mlima, ingawa kuchimba kutoka juu kulifikiriwa. Walipitishwa majini na wapiga mbizi, na mpiga mbizi mmoja alikuwa amekufa kabla hata mtoto wa kwanza hajatoka.

Pingamizi gumu zaidi ni la mwili. Kwetu marehemu huzikwa nyumbani, na familia kuambiwa iache ni jambo zito. Mgodi wa Abimbo, Siaya, ulipoporomoka Desemba 2021, mwili wa mchimbaji mmoja ulipatikana baada ya zaidi ya nusu mwaka. Uchungu huo siupuuzi. Hata hivyo, uhai ukishatoka, haraka nayo imetoka. Kuta ziegemezwe kwa mbao, mvua zipite, kazi ifanywe taratibu. Anayemshinikiza kijana ateremke leo usiku kufuata maiti anatafuta matanga ya pili.

Kuhusu kupanua kwa udadisi au utalii, sina subira kabisa. Mgunduzi anaweza kurudi nyuma, aliyenaswa hawezi. Hiyo ndiyo tofauti yote. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na mifupa yake ilikuwa laini hivi kwamba ililazimu kufunikwa kwa plasta ndipo isafirishwe. Jembe moja la mtu mwenye hamu ya kuona kunakoendelea lingetosha kuifuta. Wapo wanaonikumbusha kwamba tembo wa Mlima Elgon hupanua pango la Kitum kwa pembe wakitafuta chumvi. Kweli, lakini tembo hawajadai kwamba wanafanya utafiti. Shimo la Manga wazee wanaliheshimu, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 imewekwa kulinda mahali pa aina hiyo. Anayetaka kuona ndani ateremshe kamera kwa waya.

Ikitokea ajali, basi: ondoeni watu ukingoni, zimeni kila injini, msiteremshe pampu ya petroli kisimani, na msitegemee mshumaa kupima hewa kwa sababu hauonyeshi kaboni monoksaidi. Peperusheni hewa ndani. Asishuke mtu bila kamba na mshipi, wala asifuatwe na wa pili akizimia. Zungumzeni na aliyenaswa. Aliyebanwa na uzito kwa saa kadhaa asifunguliwe kabla mhudumu wa afya hajafika, maana anaweza kufa dakika anapoachiliwa. Njia ya pembeni ichimbwe mbali na kuegemezwa kwa mbao, na baruti iachiwe mwenye leseni au isitumike. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ipigeni kabla ya kumpigia mwenye ekskaveta.